Sifongo na Bahari Yenye Njaa

Watu husafiri kutoka mbali kuja kuyaona maji ya pwani yetu. Kuanzia Watamu hadi Mnemba na Mafia, picha inayouzwa ni moja: maji maangavu, buluu inayoingia kwenye kijani, mchanga unaoonekana pima kadhaa chini ya ngalawa. Mgeni anapoyatazama anaona utajiri. Mwenye kuijua bahari anaona jambo jingine, kwamba maji yanayopitisha macho namna hiyo yana machache ndani yake. Bahari iliyoshiba huwa na ukungu na rangi ya kijani iliyokolea, kwa sababu imejaa planktoni. Ndivyo yanavyokuwa maji ya pwani ya Somalia wakati wa kusi, pale maji baridi yenye rutuba yanapopanda kutoka kilindini. Mkondo unaopita kwetu, kutoka upande wa Mtwara kwenda kaskazini hadi Kenya, ni wa maji ya moto yenye rutuba haba. Uzuri tunaousifia ni uso wa njaa.

Lakini vaa miwani ya kuzamia, ushushe kichwa ndani ya maji hayo hayo. Chini kuna mji. Changu, tasi, pono, pweza, kaa wa kila umbo, chaza, majongoo bahari, na maelfu ya wadogo wasio na majina midomoni mwetu, wote wamebanana mahali pamoja. Wanakula nini? Swali hilo limepewa jina la Charles Darwin, aliyefika visiwa vya Cocos (Keeling), katika Bahari hii hii ya Hindi, mwaka 1836 akiwa na meli ya Beagle, na mwaka 1842 akachapisha kitabu kuhusu jinsi miamba ya matumbawe inavyojengeka. Wataalamu wa bahari huliita kitendawili cha Darwin: imekuwaje uhai mwingi namna hii ukasimama katikati ya maji maskini?

Jibu la kwanza ni maarufu. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi viumbe wadogo wa jamii ya mwani, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wao. Jibu hilo ni sahihi, ila halimalizi hesabu, kwa sababu tumbawe halibaki na sukari yote. Kiasi kikubwa, kwa baadhi ya matumbawe hadi nusu ya kilichotengenezwa, humwagwa majini kikiwa ute, na sehemu kubwa ya ute huo huyeyuka. Kilichoyeyuka samaki hawezi kukila. Kaa hawezi, konokono hawezi. Ilipasa chakula hicho kizolewe na mkondo na kupotelea bahari kuu, na mwamba uwe unavuja mali yake usiku na mchana. Lakini mwamba umedumu kwa maelfu ya miaka, maana yake kuna anayezuia. Naye yuko mahali ambapo watalii hawapigi picha: chini ya mawe, ndani ya mianya ya mwamba, kwenye kuta zisizofikiwa na jua. Ni sifongo.

Wengi tunamjua kwa mifupa yake tu, ile sponji ya kuogea, na siku hizi hata hiyo hutoka kiwandani. Akiwa hai ni mnyama, na jamii yake ina spishi zaidi ya 9,000 zilizokwisha kuelezwa na wataalamu. Wapo walio utando mwembamba uliojibandika kwenye jiwe, mwekundu, wa manjano, wa buluu. Wapo walio mabonge meusi yanayonuka ukiyapasua. Wapo wenye umbo la mabomba, la vikombe, na la mapipa makubwa ambayo mtoto anaweza kuingia ndani akaketi. Ni jamii ya kale mno. Mabaki yake yamo katika miamba ya zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Na katika muda wote huo hajajipatia moyo, wala tumbo, wala neva, wala mdomo. Akishatoka utotoni, anapoelea kwa muda mfupi akitafuta pa kukaa, hushika jiwe na hapo hapo ndipo atakapofia.

Kwa mtazamo wa juu juu hafanyi chochote. Ndiyo maana kwa karne nyingi wasomi walibishana kama ni mnyama au mmea. Wapiga mbizi wanaomchunguza wana njia nyepesi ya kumaliza ubishi. Mmoja hubeba bomba la sindano lenye rangi isiyo na madhara, akaikamulia taratibu kando ya sifongo, karibu na shina, mahali pasipo na dalili yoyote ya kupumua. Rangi inasimama kidogo kama iliyopotea njia. Halafu inaanza kunywea: ngozi ya sifongo inaimeza kupitia maelfu ya vitundu ambavyo jicho halivioni. Sekunde chache baadaye inachomoka juu, kwenye tundu kubwa, ikapanda wima majini kwa nguvu. Asiyejongea ndiye anayeyajongesha maji.

Ndani yake mna vijia na vyumba vidogo vidogo, na kuta za vyumba hivyo zimepangwa seli zenye mkia mmoja mwembamba uliozungukwa na kola. Kila mkia unapiga kivyake, bila amri kutoka kokote, maana hapana ubongo wa kutoa amri. Jumla ya mapigo hayo madogo ni mto. Kwa siku moja sifongo anaweza kupitisha maji maelfu ya mara ya ujazo wa mwili wake. Henry Reiswig, aliyewapima sifongo wa Jamaica na kuchapisha matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuta kwamba maji yanayotoka kwa mnyama huyu yamepungukiwa karibu bakteria wote walioingia nayo. Na baadhi ya sifongo wana bakteria wengine ambao hawawali. Wanaishi nao, wakiwa zaidi ya theluthi ya uzito wa mwili, na kazi yao mojawapo ni kubadili takataka za naitrojeni ziwe rutuba inayoweza kutumiwa tena na majirani.

Seli hizo zina tabia ambayo ukiisoma mara ya kwanza unaweza kudhani imetiwa chumvi. Mwaka 1907, katika maabara ya Beaufort huko North Carolina, H. V. Wilson alimkata sifongo mwekundu vipande, akavifunga ndani ya hariri nyembamba ya kuchekechea unga, akavikamua ndani ya bakuli la maji ya bahari. Kilichopenya ni seli moja moja, wingu jekundu lililotua taratibu chini ya bakuli. Kwa mnyama mwingine yeyote tunayemfuga au kumla, hapo pangekuwa mwisho wa habari. Seli zile zikaanza kutambaa. Zikakutana, zikashikana, zikawa vidonge. Na siku zilivyopita vidonge vikawa sifongo wapya, wenye vyumba na vitundu, wanaovuta maji. Swali la nani ni mmoja na nani ni wengi, ambalo sisi wanadamu tumelitungia sheria na dini, kwake halina kazi.

Ni seli hizo hizo zilizokuja kutoa nusu iliyobaki ya jibu la kitendawili. Katika kisiwa cha Curaçao, Mholanzi Jasper de Goeij na wenzake walimchunguza sifongo mwembamba wa mapangoni aitwaye Halisarca caerulea. Walikuta anakula kwa pupa, tena anakula hasa kile chakula kilichoyeyuka ambacho wengine hawakiwezi. Ajabu ni kwamba hakui. Mtu anakula hivyo kila siku, mwili unabaki vile vile. Chakula kinakwenda wapi? Walipotazama seli zake za vyumbani wakaona zinajigawa kila baada ya saa sita hivi, kasi ambayo ni nadra kuikuta kwa mnyama. Na kwa kasi hiyo hiyo za zamani zinatupwa nje. Sifongo anazaa mwili wake upya kila siku na kuumwaga wa jana mlangoni.

Kilichomwagwa ni chembe. Chembe zina wateja. Wachunguzi hao walimlisha sifongo chakula kilichoyeyushwa majini kikiwa kimetiwa alama inayoweza kufuatiliwa maabara, wakaikuta alama ile kwanza mwilini mwa sifongo, kisha kwenye takataka zake, kisha ndani ya miili ya wanyama wadogo wanaookoteza mabaki. Hao huliwa na wakubwa wao, na wakubwa wao huliwa na samaki. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2013, na kwa makadirio yao chakula kinachopita njia hii kinakaribia kile kinachozalishwa na mwamba mzima. Ute uliokuwa uende zake umerudishwa mezani.

Mfano ulio karibu ni upatu wa kina mama mtaani. Kila mmoja analeta alichojaliwa, na ukikusanya chote bado ni kidogo. Hakuna benki itakayokipigia saluti. Lakini fedha ile haitoki nje ya duara. Mwezi huu imelipa ada ya mtoto wa huyu, mwezi ujao imenunua bati za nyumba ya yule, mwezi wa tatu imekuwa mtaji wa maandazi wa mwingine, na noti ni zile zile. Mtu wa nje akipima kinachoingia mtaani atasema hawa ni maskini, na atashangaa nyumba zinavyoinuka. Kosa lake ni kupima kiingiacho peke yake. Mwamba nao uko hivyo. Kinachoingia kutoka bahari kuu ni haba. Kinachozunguka ndani ndicho kingi, na sifongo ndiye anayehakikisha mzunguko haukatiki.

Si kila sifongo anafanya kazi hii kwa namna moja. Waliowapima sifongo wakubwa wa mapipa huko Caribbean hawakuona takataka nyingi zikitoka, na mjadala wa nani anachangia nini bado una moto. Lakini hata penye tofauti kuna mambo ya kushangaza. Aplysina archeri, sifongo wa mabomba wa maji hayo hayo, amerekodiwa kwa kamera akipiga chafya. Uchafu uliokwama kwenye vitundu vya kuingizia maji hufungwa ndani ya ute. Ute unatambaa kwenda kinyume na mkondo, unakusanyika juu ya ngozi katika nyuzi nyeupe, kisha mwili mzima unajikunja na kujilegeza taratibu, ukautupa. Chafya moja inaweza kuchukua nusu saa. Samaki wadogo na viumbe wa pembeni wanaujua ute huo, nao huula.

Hapa inafaa tujihadhari na utamu wa hadithi. Ni rahisi kumgeuza sifongo kuwa mtumishi mwema wa bahari, anayechuja na kulisha bila kudai malipo. Hana wema huo. Anakula kwa sababu ana njaa, na anachotupa ni kisichomfaa. Wapo sifongo, wa kundi la Cliona, wanaotoboa matumbawe: huyeyusha chokaa chembe kwa chembe, wakajichimbia nyumba ndani ya mwamba, hadi siku tumbawe linapokatika kwa wimbi la kawaida. Wapo wanaolitambalia tumbawe na kulifunika likafa. Kwa kuwa hawezi kukimbia wala kuuma, sifongo amejihami kwa sumu, na jirani anayegusana naye huumia. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyafanya matumbawe ya Kenya, Tanzania na visiwa vya jirani yapauke na kufa kwa wingi, mifupa mitupu ilibaki wazi kwa yeyote atakayewahi, na wanaotoboa walikuwa na pa kuanzia.

Ndipo anapoingia ng'amba. Kasa huyu mwenye mdomo uliochongoka hula sifongo. Anne Meylan, aliyefungua matumbo ya ng'amba wa Caribbean na kuchapisha alichokikuta mwaka 1988, alionyesha kuwa karibu chakula chao chote ni sifongo, pamoja na vijiba vyao vya kioo na sumu zao. Anapopasua sifongo mmoja kwa mdomo, nyama ya ndani inabaki wazi kwa samaki wasioweza kuifikia peke yao, na tumbawe la jirani linapata nafasi ya kupumua. Sasa fikiria historia yetu. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka Rhapta, bandari ya pwani hii. Kwa karibu miaka elfu mbili gamba la ng'amba limekuwa likisafiri kutoka kwetu likawa vitana, visanduku na mapambo ya nyumba za mbali. Kila ng'amba aliyetolewa majini alikuwa mkono mmoja umeondolewa kwenye mizani. Leo ng'amba yuko kwenye orodha ya wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Biashara ile haikuchukua magamba peke yake, ilichukua na nidhamu ya mwamba.

Mizani hiyo ina upande mwingine pia, maana sifongo anayebomoa ana ndugu anayejenga. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko San Blas nchini Panama, Janie Wulff na Leo Buss waliwaondoa sifongo kwenye vipande vya mwamba na kuviacha vipande vingine jinsi vilivyo. Baada ya miezi sita, palipoondolewa sifongo matumbawe yaliyong'oka na kupotea yalikuwa mengi mara kadhaa kuliko palipoachwa. Sifongo walikuwa wameyashikilia. Baadaye Wulff akaonyesha kuwa hata vifusi vilivyolala ovyo, sifongo huvipitia na kuvifunga pamoja hadi vitulie, na tumbawe changa likapata pa kusimama. Kwa wavuvi wa Tanzania habari hii haipo mbali. Baruti ilivunja miamba kwa miongo kadhaa, na ingawa milio imepungua sana tangu serikali ilipokaza mkono katikati ya miaka ya 2010, vifusi bado vipo, vinabiringishwa na kila wimbi la kusi, na tumbawe changa haliwezi kuota juu ya jiwe lisilotulia. Fundi wa kuvifunga anahitaji kuachwa kwa muda, na asikanyagwe.

Hata kwenye mikoko ana sehemu yake. Utafiti uliofanywa Belize katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mizizi ya mkoko iliyovikwa sifongo hukua zaidi ya iliyo mitupu: mzizi unapata naitrojeni kutoka kwa sifongo, sifongo anapata sukari kutoka kwa mzizi, na viumbe wanaotoboa mti hushindwa kupita.

Muda ndio jambo ambalo binadamu hulidharau kuliko yote. Meli ya uchunguzi ya Kijerumani, Valdivia, ilipopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1899 chini ya Carl Chun, ilivua kutoka kilindini sifongo wa kioo ambaye baadaye aliitwa Monorhaphis chuni. Anasimama juu ya kijiti kimoja cha kioo alichokitengeneza mwenyewe, ambacho kinaweza kufikia mita tatu. Kijiti kimoja cha spishi hiyo, kilichopatikana katika bahari ya Uchina, kilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,000 hivi. Wanasayansi wakasoma tabaka zake ili kujua joto la kilindi lilivyobadilika. Na mwaka 1987, katika mlangobahari wa Hecate, Kanada, iligunduliwa miamba mizima iliyojengwa na sifongo wa kioo, ya aina iliyodhaniwa ilitoweka zamani za dinosaria. Ilikuwa imeanza kujengwa miaka 9,000 iliyopita. Sehemu zake zilikuwa zimekwisha kusagwa na nyavu za meli za kukokota. Hifadhi rasmi ilitangazwa mwaka 2017, miaka 30 baada ya ugunduzi.

Ulinganishe muda huo na wa wavu. Meli inayovua kamba hukokota chini kwa saa chache, ikapandisha kamba na samaki, na pamoja nao mawe, majani na mabonge ambayo baharia huyarudisha majini kwa koleo bila kuyatazama. Kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, meli hizo zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo, kisha zikaruhusiwa tena miaka michache baadaye kwa masharti. Ugomvi ulikuwa juu ya samaki na nyavu zilizochanwa. Sakafu yenyewe haikuwa na wakili. Nasi wa pwani tusijitoe: juya la kukokota linalovutwa na watu wetu wenyewe linafanya jambo hilo hilo kwenye maji ya magotini, na sheria inalikataza miaka nenda miaka rudi.

Wapo wanaotaka sababu iliyo karibu na ngozi zao ndipo waamini. Ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Werner Bergmann alitoa kemikali za ajabu kwenye sifongo wa Florida. Kwa kuiga muundo wake ikatengenezwa dawa ya saratani ya damu, sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na iliyomo hadi leo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa nyingine, eribulini, inayotumika kwa saratani ya matiti, chanzo chake ni sifongo wa Japani. Ile sumu ya kujihami imewafaa watu. Lakini mimi naogopa kumtetea kiumbe kwa dawa zake, kwa sababu siku maabara itakapojua kuitengeneza dawa bila yeye, na tayari inajua, utetezi umekwisha.

Afadhali tumtazame akiwa kazini. Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, wapo wanawake wanaolima sifongo. Pwani hiyo ilizoea mwani, zao lililoingia Zanzibar mwaka 1989 na kuwatia wanawake fedha mkononi, kisha likaanza kuwachosha: bei ndogo, na joto la maji lililoifanya kotonii, aina yenye bei nzuri, ioze kabla ya kuvunwa. Kilimo cha sifongo kilianza kwa majaribio ya shirika dogo la Uswisi. Mkulima humchukua sifongo mzazi, akamkata kwa kisu kikali vipande vya kuenea kiganjani, akavitunga kwenye kamba na kuitandaza katikati ya maji, juu ya mchanga, isiguse chini. Jeraha linajifunga lenyewe, kwa sababu ile ile aliyoiona Wilson kwenye bakuli lake. Hakuna chakula cha kununua, hakuna mbolea. Kazi ni kwenda mara kwa mara, miwani usoni, kusugua kamba na kung'oa majani na viumbe vinavyojishikiza, kwani sifongo akizibwa vitundu hufa. Kazi hiyo imewafanya baadhi yao wajifunze kuogelea wakiwa watu wazima. Baada ya mwaka au zaidi huvunwa, nyama ikaoshwa na kukamuliwa hadi itoke yote, na mifupa laini iliyobaki hukaushwa na kuuzwa, hasa kwa wageni.

Mgeni analipia mifupa. Ule mwaka mzima ambao sifongo alichuja maji ya kijiji, akameza kilichoyeyuka na kutema kinacholika, haumo kwenye risiti. Simlaumu mkulima wala mnunuzi. Hapana soko duniani lenye bei ya jambo hilo. Lakini serikali si soko. Zanzibar ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na neno uchumi wa buluu limekuwa wimbo Dar es Salaam na Nairobi pia. Ukisikiliza vizuri utasikia tani: tani za samaki zilizoshushwa dikoni, tani za mwani, tani za kamba, idadi ya vitanda vya hoteli. Ni hesabu ya kinachotoka. Hesabu ya kinachozunguka, na ya wanaokizungusha, haina safu kwenye daftari. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Samaki anayeelea mbele ya miwani ya mtalii ameundwa chini, gizani, na kiumbe asiye na sura ya kuwekwa kwenye bango.

Linalowezekana lipo, wala halihitaji mkopo. Wanaopima afya ya miamba yetu huhesabu matumbawe na samaki. Wahesabu na sifongo, ili tujue tunachopoteza kabla hakijaisha. Wanaotoa vibali vya kukokota chini waulizwe ramani ya sakafu watakayoipitia, na kama haipo, kibali kisubiri. Maboti ya watalii yafungwe kwenye maboya, nanga isitupwe juu ya mwamba. Wenye kuuza vitana na bangili za gamba la ng'amba wasipate mnunuzi. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimeonyesha kuwa vikikubaliana vinaweza kufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na vikausimamia vyenyewe. Kanuni inayoheshimiwa hutoka kwa watu wanaouona mwamba kila bamvua.

Na kwako wewe unayeshuka mwambani maji yakipwa, ukageuza jiwe kutafuta pweza au kombe: ukishachukua chako, lirudishe jiwe lilivyokuwa, upande wa chini uwe chini. Ule utando mwekundu au wa manjano uliouona umeshika upande wa kivulini ni mnyama, na akiachwa juani hamalizi siku.